Panya Wote ni Mapacha

Kila baada ya miezi michache simu za watu wa Kavumu, Kivu Kusini, hupokea habari ileile kwa maneno mapya: wanasayansi wamechukua seli za kinga, wamewachoma panya wenye saratani ya utumbo mpana, na panya wamepona. Aliye na mgonjwa nyumbani, ambaye ameambiwa Bukavu kwamba uvimbe umeshafika kwenye ini, huipokea habari hiyo kama ahadi. Mwingine huitupilia mbali: panya ni panya, na tiba ya Marekani mtu wa Kabare ataipatia wapi? Naona wote wawili wamepitwa na jambo moja. Habari yenyewe ni ya kweli, na ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ujumbe mfupi wa simu hauelezi sharti lililowawezesha panya wale kupona. Ukilielewa sharti hilo, utaelewa kwa nini tiba hii imewafikia watu wachache mno, kwa nini bei yake inatisha, na kwa nini utafiti wa kuijua miili yetu wenyewe, hapa hapa Kivu, ni hitaji la mgonjwa.

Turudi mwaka 1986. Steven Rosenberg na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, mjini Bethesda, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa uvimbe uitwao MC-38. Uvimbe huo ulipatikana miaka ya 1970 kwa panya aliyepewa kemikali ya kusababisha saratani ya utumbo mpana, na tangu hapo seli zake zimekuwa zikioteshwa kwenye chupa za maabara na kusambazwa duniani kote. Watafiti walizidunga seli hizo kwenye wengu wa panya wazima, zikasafiri hadi kwenye ini na kuota humo; panya wengine walidungwa kwenye mshipa, na uvimbe ukaota mapafuni. Kisha walichukua uvimbe kutoka kwa panya wengine, wakaukatakata na kuuyeyusha kwa vimeng'enya, wakatoa seli nyeupe za damu zilizokuwa zimeshapenya ndani yake. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: seli iliyojipenyeza ndani ya uvimbe yaelekea inaujua. Waliziotesha kwa wiki kadhaa kwa kuzilisha interleukini-2, kemikali ambayo mwili huitumia kuziamrisha seli za kinga ziongezeke, halafu wakawachoma panya wagonjwa. Seli hizi zilikuwa na nguvu mara 50 hadi 100 kuliko zile walizokuwa wakizitumia hapo awali. Panya walipotanguliziwa dawa ya saratani iitwayo saiklofosfamidi na kufuatishiwa interleukini-2, wote 12 waliokuwa na saratani iliyosambaa kwenye ini walipona. Kwa saratani ya mapafuni walipona hadi nusu.

Hapa msomaji makini atauliza: seli zilitoka kwa panya mmoja zikaingia kwa mwingine, mbona mwili hauku­zikataa? Anayepewa figo ya mtu mwingine hulazimika kumeza dawa za kutuliza kinga maisha yake yote, na seli za kinga za mgeni ni hatari zaidi ya figo, kwa sababu zinaweza kuushambulia mwili uliozipokea. Jibu limo katika ukoo wa panya wenyewe. Panya wa majaribio yale ni wa ukoo wa C57, ulioanzishwa mwaka 1921 na Mmarekani Clarence Little kwa kuwapandisha kaka na dada, kizazi baada ya kizazi. Baada ya vizazi 20 vya namna hiyo, tofauti za urithi kati ya panya mmoja na mwingine huwa karibu zimekwisha. Panya wote wa ukoo huo ni mapacha wa kufanana. Seli ya mmoja ikiingia kwa mwingine, imeingia kwao. Huko Lwiro, kilomita chache kutoka Kavumu, watafiti wa kituo cha CRSN wamekuwa wakikusanya na kuchunguza panya wa misitu ya Kahuzi, na katika makusanyo hayo hutapata wawili waliorithi sawasawa. Panya wa Kahuzi wanafanana na sisi kwa jambo hilo: kila mmoja na mwili wake.

Kanda yetu imewahi kulipima sharti hili la upacha kwa macho yake, tena kwa mnyama anayejulikana na kila mfugaji wa Kabare. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, huua ndama wa Kivu kama unavyoua wa Kenya na Tanzania. Kijidudu chake, Theileria parva, kina tabia ya ajabu: huingia ndani ya seli nyeupe za ng'ombe na kuzilazimisha zigawanyike bila kikomo, kiasi kwamba ukiziweka kwenye chupa zinaendelea kuota kama seli za saratani. Katika maabara ya ILRAD, Nairobi, ambayo tangu 1994 ni sehemu ya taasisi ya ILRI, watafiti walitaka kujua ni kitu gani hasa kinachomlinda ng'ombe aliyeupata ugonjwa huo akapona. Walichukua ndama mapacha wa kufanana. Mmoja walimpa kinga. Walipomwambukiza tena, waliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa limfu unaotoka kwenye tezi yake, wakakinga majimaji yaliyojaa seli za kinga zilizoamka. Seli hizo wakampa pacha wake ambaye hajawahi kuugua, kisha naye wakamwambukiza. Zilizomwokoa zilikuwa seli za kinga ziitwazo seli T, za kundi la CD8, zilezile ambazo Bethesda zilikuwa zikiua saratani ya panya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1994. Kwa hiyo anayesema kuhamisha seli za kinga ni elimu ya mbali isiyotuhusu, ajue kwamba Nairobi iliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30 iliyopita, na kwa shabaha iliyotoka kwenye mazizi yetu.

Kwa nini ilibidi wawe mapacha? Sababu iligunduliwa mwaka 1973 huko Canberra, Australia, na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliopewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo mwaka 1996. Seli T haiioni saratani wala virusi moja kwa moja. Juu ya karibu kila seli ya mwili kuna molekuli, ambazo kwa binadamu huitwa HLA, zinazoshika vipande vidogo vya protini kutoka ndani ya seli na kuvionyesha nje. Seli T husoma vitu viwili kwa pamoja: kipande chenyewe, na HLA iliyokishika. Ukibadilisha HLA, hata kama kipande ni kilekile, seli T hupita kama haijaona kitu. Nazo HLA hutofautiana mno kati ya mtu na mtu, hata ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawalingani. Panya wa C57 wana aina moja wote, ndama mapacha wana aina moja, lakini mgonjwa wa Kavumu hana pacha.

Asiye na pacha hulazimika kuwa mfadhili wa nafsi yake, na hapo ndipo gharama zinapoanzia. Uvimbe wake ukatwe, seli zake zitolewe, zioteshwe wiki kadhaa kwenye chumba ambamo hata hewa huchujwa, zifike mabilioni, zipimwe kama hazina vimelea, zirudishwe kwenye mshipa wake, wakati huohuo yeye akiwa ameshapewa dawa kali za kupunguza seli zake za kawaida ili zinazorudishwa zipate nafasi. Ni kama nguo ya fundi cherehani: imepimwa na kushonwa kwa mtu mmoja, na hakuna mwingine awezaye kuivaa. Mwezi Februari 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya namna hii kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, na bei iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola 515,000 kwa mgonjwa mmoja. Bei hiyo haikuwa na hata gharama za kitanda cha hospitali.

Na saratani ya utumbo mpana kwa watu, je? Hapa ndipo habari za simu hunyamaza, na hapa ndipo inafaa tukae kidogo. Mwaka 2010 watafiti wa Bethesda walieleza kifo cha mgonjwa ambaye saratani yake ilikuwa imesambaa kwenye mapafu na ini. Alipewa seli zake mwenyewe zipatazo bilioni 10, zilizobadilishwa vinasaba ili ziitafute protini ya ERBB2. Dakika 15 baada ya kutundikiwa, pumzi ilianza kumbana. Siku 5 baadaye alifariki. Ilielekea kwamba seli zile zilikuta kiasi kidogo cha protini hiyohiyo kwenye mapafu yake mazima, zikayashambulia. Mwaka uliofuata, wagonjwa 3 walipewa seli zinazoitafuta protini nyingine, CEA. Mmoja uvimbe wake ulipungua, lakini wote watatu waliharisha vibaya kwa kuvimba utumbo, maana utumbo usio na saratani nao una CEA. Kisha mwaka 2016 ikaja habari ya mwanamke wa miaka 50 aliyekuwa na uvimbe 7 mapafuni. Kati ya seli zilizotolewa kwenye uvimbe wake zilipatikana baadhi zinazotambua kosa la kinasaba liitwalo KRAS G12D, kosa lililomo ndani ya saratani tu na halimo kwenye seli nzima. Alirudishiwa seli zaidi ya bilioni 100, na uvimbe wote 7 ukanywea. Miezi 9 baadaye mmoja ulianza kukua tena. Ulipokatwa na kuchunguzwa, ilionekana seli zake zilikuwa zimeipoteza HLA iliyokuwa ikilionyesha kosa lile. Na mwaka 2024 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 7 waliotengenezewa seli za kuyatafuta makosa ya namna hiyo: kwa 3 uvimbe ulipungua, na nafuu ilidumu miezi 4 hadi 7.

Basi kuna watakaosema: kumbe panya walitudanganya. Sikubali. Panya walitoa ushahidi juu ya jambo moja, nao ni wa kweli: seli za kinga zinaweza kuimaliza saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Kosa ni letu tunapomtaka shahidi huyo aseme na yale asiyoyajua. MC-38 ilizaliwa kwa kemikali, na kwa sababu hiyo ina makosa mengi mno ya kinasaba. Kila kosa ni alama ambayo seli T zinaweza kuisoma. Kwa binadamu, saratani za utumbo zenye makosa mengi kiasi hicho ni chache, karibu 15 katika kila 100, na kati ya zile zilizokwisha kusambaa ni kama 5 tu. Kwa hao wachache kinga imeshaonyesha maajabu hata bila kuhamisha seli: mwaka 2022 hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, ilitangaza kwamba wagonjwa 12 wa saratani ya puru ya aina hiyo, waliopewa dawa ya dostarlimabu inayozifungulia breki seli T, wote walibaki bila alama ya uvimbe, bila kupasuliwa wala kupigwa mionzi. Hata saiklofosfamidi, dawa iliyotangulizwa kwa panya wa 1986, ina historia yake huku kwetu. Mulago, Kampala, miaka ya 1960, Denis Burkitt aliona baadhi ya watoto wenye uvimbe wa taya wakipona kwa dozi chache mno za dawa hiyo, chache kiasi cha madaktari kushuku kwamba kinga ya mtoto mwenyewe ilikuwa imeimalizia kazi.

Jina la Burkitt linaleta pingamizi jingine, na hili nalisikia likitajwa hata na watu waliosoma: saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa wazungu. Burkitt ndiye aliyeandika kwamba aliukuta mara chache sana katika hospitali za vijijini Afrika, akahusisha jambo hilo na vyakula vyenye makapi mengi. Alichokiona hospitalini alikiona kweli, na sombe, maharage na lengalenga bado ni chakula kinachousaidia utumbo. Lakini aliyaona hayo katika Afrika ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo watu wake wengi hawakufika umri wa kuupata ugonjwa huu, na wengi waliouugua walifia nyumbani bila kupimwa. Leo saratani hii ni ya tatu kwa wingi duniani na ya pili kwa kuua, wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 kwa mwaka 2022, na hospitali za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zinawaona, wengi wao wakiwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya. Kwetu dalili zake hujificha nyuma ya magonjwa tuliyoyazoea. Damu kwenye choo huitwa amiba, au bawasiri. Tumbo kusokota huitwa minyoo. Kupungua damu huitwa malaria. Mgonjwa hunywa dawa za famasi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtafiti anayemtibu panya anaijua siku uvimbe ulipopandwa. Mgonjwa wetu hupewa jina la ugonjwa wake wakati uvimbe umeziba utumbo, na jina hilo huthibitishwa na mtaalamu wa patholojia, fani ambayo wataalamu wake katika nchi nzima ya Kongo ni wachache mno.

Pingamizi zito kuliko yote ni la hali yenyewe. Mwezi Februari 2025 uwanja wa ndege wa Kavumu ulitwaliwa na waasi wa M23, na siku mbili baadaye Bukavu. Watu wamekimbia, benki zilifungwa, kipindupindu hakijaisha, umeme wa Ruzizi hukatika kila mara. Katika hali hiyo kuzungumzia HLA na seli za dola nusu milioni si kumkosea heshima mama anayetafuta dripu ya mtoto? Nakubali kabisa kwamba Kivu Kusini haihitaji leo kiwanda cha kuotesha seli. Inahitaji kamera ya kuchungulia utumbo inayofanya kazi, daktari wa upasuaji, na mtu wa kusoma kipande cha nyama chini ya hadubini. Kwa mwenye saratani iliyogunduliwa mapema, kisu cha daktari wa upasuaji kinaponya wengi kuliko seli zote nilizozieleza. Yeyote anayewauzia wagonjwa vidonge au maji ya "seli" kwa ahadi ya kuponya saratani anawaibia, na habari za panya zisiwe kinga yake.

Lakini kuna jambo ambalo lisipoanza sasa halitaanza kwa wakati. Bei ya tiba hizi inaweza kushuka, na kinachoishusha ni watu kujifunza kuzitengeneza kwao. Mwezi Oktoba 2023 India iliidhinisha tiba yake ya seli za kinga kwa saratani za damu, iliyoanzia katika taasisi ya IIT Bombay kwa ushirikiano na hospitali ya Tata Memorial, kwa bei iliyokuwa kama sehemu moja ya kumi ya ile ya tiba za aina hiyo Marekani. Hatua inayofuatwa sasa na maabara nyingi ni kuachana na nguo ya fundi na kutengeneza seli za akiba, zinazokaa tayari kwenye barafu kusubiri mgonjwa. Hizo nazo zina kipimo, na kipimo ni HLA. Seli kama za yule mwanamke wa 2016 zinaweza kumfaa tu mwenye kosa la KRAS G12D na pia HLA-C*08:02. Mwenye kosa lilelile lakini HLA nyingine, haziwezi kumsaidia. Afrika ina aina nyingi mno za HLA, nazo zimepimwa kidogo. Viwanda vitatengeneza saizi za watu wanaojulikana. Asiyejulikana saizi yake, hata siku bei itakapokuwa ya bure, atakuta rafuni hakuna yake.

Kwa ng'ombe kazi hiyo tumeifanya. ILRI walipima aina za tishu za ng'ombe, wakatafuta ni protini gani za Theileria zinazotambuliwa na seli T zao, wakachapisha majibu mwaka 2006. Kwa watu, utafiti ulioanza miaka ya 1980 huko Pumwani, jijini Nairobi, ulionyesha kwamba inawezekana: wanawake walioishi na hatari ya VVU kwa miaka bila kuambukizwa walichunguzwa seli T zao na HLA zao, kwa ridhaa yao, kliniki ikiwa mtaani kwao. Kwa saratani ya utumbo mpana ya watu wa Maziwa Makuu, sijaona kinachokaribia upana huo. Na gharama ya kuanza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kipande cha uvimbe kikigandishwa ndani ya nta hukaa kabatini miaka mingi bila friji, umeme uwepo au usiwepo, na vinasaba vyake vinasomeka. Tone la damu likikaushwa kwenye karatasi maalumu latosha kupima HLA. Lwiro, iliyojengwa na taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, ina uzoefu wa kutunza sampuli. Bukavu ina vyuo vikuu vyenye vitivo vya tiba na hospitali zinazopasua kila siku. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba uvimbe uliokatwa kwa mtu wa Kavumu usitupwe shimoni.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona damu kwenye choo na ikarudi baada ya dawa za amiba, usinunue dozi ya tatu. Nenda hospitali uombe kipimo cha kamera, uwe na miaka 30 au 60. Na ukifanyiwa upasuaji, iwe Bukavu, Kigali au Kampala, muulize daktari kipande chako kinapelekwa wapi na nani atakitunza. Wakikuletea karatasi ya kuomba kukihifadhi kwa utafiti, isome, uliza yote usiyoyaelewa, na ukiridhika, tia sahihi.